Gari na Mwenye Gari: Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa



Juma hili nataka kuwaelezeni habari ya taabu moja inayowapotezea wenye malori makuukuu fedha nyingi, nayo ni taabu ya betri isiyojaa. Watu wengi, wakiona asubuhi lori halitaki kuwaka, husema, “Betri imekufa,” kisha huenda dukani wakanunua nyingine. Baada ya miezi michache hiyo nayo hufa. Basi hapo mwenye gari humlaumu mwenye duka, au humlaumu dereva, wala hamlaumu mkosa mwenyewe, kwa kuwa hamjui.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ukarani. Lakini mwalimu wetu wa sayansi katika shule ya misioni alitufundisha neno moja ambalo sijalisahau, ya kwamba mtu asiseme “nadhani” mahali awezapo kupima. Neno hilo ndilo lililomwokoa kijana mmoja, nami nitawasimulieni habari zake, maana ndani yake mna mafunzo yote niliyokusudia kuwapeni leo.

Mjomba wangu ni mkulima wa viazi na kabichi huko Kinangop Kusini. Ana lori dogo la dizeli ambalo umri wake wapita miaka 30, na lori hilo ndilo karo ya watoto, ndilo mbolea, ndilo kila kitu. Viazi hupakiwa jioni, na saa nane za usiku lori hushuka kutoka Njabini mpaka Fly Over, likashika barabara kuu ya Nairobi ili lifike sokoni kabla ya mapambazuko. Mwaka uliopita injini ilifunguliwa ikatengenezwa, na lori likarudi nyumbani likiwa limepakwa rangi nyeusi ya kung’aa kila mahali chini ya boneti. Sote tulilisifu.

Miezi minne haikutimia, betri ikafa. Mjomba akanunua mpya. Miezi mitano baadaye, hiyo mpya nayo ikafa. Ndipo mjomba alipokata shauri moyoni kwamba dereva wake huitoa betri nzuri usiku, akaiuza mjini, na kutia kuukuu mahali pake. Kijana huyo alikuwa amemtumikia miaka sita, na ana mke na watoto wawili. Mjomba alimfukuza siku ile ile, na habari zikaenea kijijini hata hapakuwa na mtu wa kumpa kazi. Kisha mjomba akaniita.

“Mpwa wangu,” akasema, “wewe ni mtu wa kalamu. Niandikie barua ya mashtaka niipeleke polisi.”

Nikamjibu, “Mjomba, nitaandika. Lakini barua ya mashtaka yataka ushahidi. Niruhusu kwanza nilitazame lori.”

Hakupendezwa, ila aliniruhusu. Jambo la kwanza nililoomba halikuwa spana, bali ni daftari la safari, kwa maana dereva yule alikuwa na desturi ya kuandika kila safari na kila shida. Nikasoma kurasa za miezi mitatu. Nikaona ya kwamba kila asubuhi ambayo lori lilikataa kuwaka ilifuata safari ya usiku. Siku zilizofuata safari za mchana, lori liliwaka vizuri. Tena mahali pamoja kijana alikuwa ameandika, “Taa zikiwashwa, gari huchoka. Nimemwambia Mzee.” Nikajiuliza, je, mwizi wa betri huiba kwa kufuata taa? Nikaifunga kalamu yangu, nikaazima mita ya kupimia umeme.

JINSI UMEME UNAVYOZUNGUKA

Kabla sijaendelea, yafaa tufahamu kazi ya kila kitu. Fikirini mtungi wa maji nyumbani. Kuna mtu anayekwenda mtoni kuchota na kuujaza, kuna njia anayopita, na kuna watu wa nyumbani wanaokunywa. Betri ndiyo mtungi. Oltaneta, au dinamo kwa magari ya zamani zaidi, ndiyo mchotaji, nayo huzungushwa na injini kwa mkanda. Nyaya na vyuma vya gari ndiyo njia. Taa, stata na honi ndio wanywaji.

Basi mtungi ukikutwa mtupu kila asubuhi, sababu ni mojawapo ya hizi nne. Ama mtungi wenyewe umepasuka. Ama mchotaji ni mvivu. Ama maji humwagika njiani. Ama kuna mnywaji wa siri wakati watu wamelala. Mtu anunuaye betri mpya bila ya kupima amechagua sababu moja kati ya nne kwa kubahatisha.

KWANZA: MACHO NA MIKONO

Zima injini na utoe ufunguo. Tazama mkanda wa oltaneta. Ukiwa umepasuka-pasuka au unang’aa kama kioo, huteleza. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu; ukiingia kiasi cha milimita 12 hivi, unatosha. Ukilegea zaidi, hauzungushi vizuri. Ukikazwa mno, utaharibu beringi.

Halafu tazama vichwa vya betri. Ukoga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Ondoa kibano cha upande wa athi kwanza, kisha kile cha pili. Vioshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, wala usiache maji hayo yaingie ndani ya betri. Vikwangue mpaka ving’ae, uvikaze, uvipake grisi. Wakati wa kurudisha, kibano cha athi kiwe cha mwisho. Ikiwa betri ni ya kufunguliwa, hakikisha maji yamefunika vibati vya ndani, na usiongeze kitu chochote isipokuwa maji yaliyokenekwa.

PILI: MTUNGI WENYEWE

Acha gari lipumzike saa kadhaa, kisha pima betri kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu hivi. Ikiwa chini ya 12, ni kama tupu. Kwa malori yenye betri mbili zilizounganishwa kufanya volti 24, pima kila betri peke yake. Moja ikiwa mbovu humvuta mwenzake.

Betri ikiwa tupu, usiihukumu bado. Ipelekwe ikajazwe kabisa, kisha ipimwe tena stata inapozunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6 ingawa imejaa, na vibano vyake ni safi, hapo yaweza kuwa imechoka. Wenye kipimo cha kuelea cha kupimia maji ya betri wapime kila chumba. Chumba kimoja kikitofautiana sana na wenzake, betri hiyo haifai tena.

Betri ya mjomba ilijazwa usiku kucha, na baada ya kupumzika ilionyesha 12.6, na stata ikazunguka kwa nguvu. Basi betri ile haikuwa kuukuu ya kubadilishwa. Ilikuwa ni ile ile aliyoinunua, tena namba yake ililingana na ile iliyoandikwa katika risiti. Mjomba aliposikia hayo alinyamaza, lakini hakuniambia niache.

TATU: MCHOTAJI

Washa injini, uipandishe mwendo kidogo, na upime betri. Mahali ambapo kila kitu ni kizima, mita huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipopanda kabisa kutoka pale ilipokuwa, betri haijazwi. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa. Kisha washa taa kubwa za mbele upime tena. Volti zisishuke chini ya 13.5 hivi.

Lori la mjomba lilionyesha volti 12.3 taa zilipowashwa. Fundi mwenye haraka angesema papo hapo, “Oltaneta imekufa, nunua nyingine.” Tena taa nyekundu ya chaji ilizimika vizuri kila injini ilipowaka, jambo lililomdanganya kila mtu. Jueni basi ya kwamba taa hiyo ni shahidi, lakini ni shahidi asiyeona kila kitu. Isipowaka ufunguo ufunguliwapo, huenda glopu yake imeungua, na katika magari mengi ya zamani oltaneta haitaamka bila ya umeme upitao katika glopu hiyo. Ikiwaka injini inapozunguka, kuna kosa. Lakini ikizimika, haikuhakikishii kwamba betri inajaa.

Nikaipima oltaneta yenyewe, taa zikiwa zimewashwa: waya mmoja wa mita juu ya msumari mnene unaotoa umeme, na wa pili juu ya mwili wa oltaneta. Mita ikaonyesha 14.3. Mchotaji hakuwa mvivu. Alikuwa akichota maji mengi, lakini hayakufika nyumbani.

NNE: NJIA

Sehemu hii ndiyo isiyopimwa na watu wengi, na ndiyo ingewaokolea fedha zaidi. Umeme huenda kwa njia mbili, kwenda na kurudi. Huenda kwa waya mnene kutoka oltaneta mpaka betri, na hurudi kwa vyuma vya gari na waya wa athi. Njia zote mbili sharti ziwe safi. Kupima ni rahisi. Injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa, weka ncha moja ya mita juu ya msumari wa oltaneta, na ya pili juu ya kichwa cha betri cha alama ya kujumlisha. Hizo ndizo volti zinazopotea njiani kwenda, zisipite 0.3 hivi. Kisha weka ncha moja juu ya mwili wa oltaneta, na ya pili juu ya kichwa cha betri cha alama ya kutoa. Hizo ndizo zinazopotea njiani kurudi, zisipite 0.2.

Katika lori la mjomba, njia ya kwenda ilipoteza 0.2. Hapana neno. Njia ya kurudi ilipoteza 1.8! Jumlisheni wenyewe: 0.2 na 1.8 ni volti 2 kamili. Toeni katika 14.3, mtapata 12.3, na ndizo zilizoonekana katika betri. Hesabu ilikubali.

Nikagusa kutoka kichwa kile cha betri mpaka chuma cha injini. Zilipotea 0.1 tu. Basi kosa halikuwa katika waya wa athi; lilikuwa kati ya injini na mwili wa oltaneta, mahali pa vyuma vinavyoishikilia. Tukavifungua. Ile rangi nyeusi ya kung’aa tuliyoisifu ilikuwa imepakwa hata ndani ya maungio, na chini yake palikuwa na kutu ambayo haikukwanguliwa. Chuma kilikuwa kimekaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kidogo kilichopita kilipitia nyuzi za bolti. Mchana kidogo hicho kilitosha, kwa sababu taa hazikuwa zikinywa. Usiku taa zilikunywa kuliko kilichofika, na betri ikalipa upungufu kutoka mfukoni mwake mpaka alfajiri.

Tukakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang’aa, tukakaza, na kwa usalama zaidi tukaongeza kipande cha waya mnene kutoka mwili wa oltaneta mpaka injini. Nikapima tena taa zikiwa zimewashwa: volti 14.0 katika betri. Gharama yake ilikuwa msasa na waya usiofika urefu wa mkono.

Na ile betri ya kwanza iliyokufa? Ilikufa kweli, lakini kwa njaa. Betri ikiachwa muda mrefu bila ya kujaa, vibati vyake hufanya ukoko mgumu, na mwishowe hukataa kupokea umeme hata ukiijaza. Ndiyo maana kila betri mpya iliyotiwa katika lori lile ingekufa vivyo hivyo.

TANO: MNYWAJI WA SIRI

Ikiwa betri hujaa vizuri mchana na hukutwa tupu asubuhi, tafuta anayekunywa usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, ondoa kibano cha athi, uweke mita ya ampea kati ya kibano na kichwa cha betri. Usijaribu kuwasha gari wakati huo, maana utaiunguza mita. Lori kuukuu lisilo na redio wala saa lisionyeshe karibu chochote. Gari la siku hizi laweza kuonyesha kama ampea 0.05. Ikiwa zaidi, ondoa fyuzi moja moja mpaka mita itulie, ndipo ujue tawi lenye kosa. Isipotulia, ondoa waya wa oltaneta; ikiwa mita itatulia sasa, dayodi imeharibika, na mchotaji anayarudisha maji mtoni usiku. Msidharau taa ndogo: glopu mbili za nyuma za wati 5 kila moja hunywa ampea 0.8 hivi, na kwa saa 12 huondoa karibu ampea-saa 10.

IKIWA OLTANETA YENYEWE NI MBOVU

Hata hapo usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kilichokwisha ni brashi zake za kaboni, ambazo ni vipande vidogo visivyo na bei kubwa, au regyuleta. Ikilia kama kusaga mchanga, ni beringi. Mwambie fundi akuonyeshe kilichoharibika kabla hujalipa.

Walio na magari yenye dinamo, kama Land Rover za miaka ya 1950 na 1960, wakumbuke ya kwamba dinamo haitoi umeme mwingi injini ikizunguka polepole, kwa hiyo taa kufifia gari linaposimama si ugonjwa. Ili kuipima dinamo ya aina ya magari hayo, ondoa nyaya zake mbili, unganisha misumari yake miwili pamoja, upime kutoka hapo mpaka mwili wake, na upandishe injini polepole. Volti zikipanda haraka, dinamo ni nzima, nawe utafute kosa katika kisanduku cha kudhibiti au nyaya. Ila usiiharakishe mpaka ipite volti 20. Tena mengi ya magari hayo yaliunganishwa athi yake upande wa kujumlisha, kinyume cha magari ya sasa. Tazama vizuri kabla ya kufunga betri, maana kosa hilo ni la dakika moja na hasara yake ni ya mwezi mzima.

MAONYO MATATU

La kwanza, usiondoe kamwe kibano cha betri injini yenye oltaneta ikiwa inazunguka ili “kuijaribu.” Mchezo huo wa barabarani huua dayodi na regyuleta. La pili, betri inayojazwa hutoa hewa inayolipuka. Usikaribie na sigara wala kiberiti. La tatu, maji yake ni asidi. Yakikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi mara moja, kisha uende hospitali.

Sasa nimalize habari ya mjomba. Nilipokwisha kuandika zile volti zote katika karatasi, nilimpa, nikamwambia, “Mjomba, hii ndiyo barua niliyoweza kuandika.” Aliisoma mara mbili. Kisha akavaa koti lake, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule kijana, wala hakumtuma mtu. Waliyoyasema sikuyasikia, na si kazi yangu kuyauliza. Ninalolijua ni kwamba kijana alilipwa mshahara wa majuma matatu aliyokaa bila kazi, na ya kwamba juma lililofuata lori lilishuka Njabini saa nane za usiku, yeye akiwa katika usukani.

Basi ndugu zangu, anunueni mita. Ile ndogo ya kawaida yatosha, na bei yake haifikii hata robo ya bei ya betri. Wekeni na daftari ndani ya gari, na dereva akiandika jambo, lisomeni. Lori haliwezi kusema, lakini dereva aliyekaa nalo usiku kucha anaweza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki na miteremko.

Mimi ndugu yenu,
Karani Mwenye Spana